Namna ya Kuifuatilia Asili Iliyochanganyika: Mwongozo kwa Watoto wa Mtwara na Lindi

Mtu aliyezaliwa na mama Mmakonde wa Newala na baba Msukuma, au na mama Mchaga na baba Mmwera wa Ruangwa, huulizwa tangu utotoni kuwa yeye ni kabila gani. Jibu lake huwa la mkato: hutaja kabila la baba, kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka katika sehemu kubwa ya nchi, na ndivyo yanavyoelekeza majina matatu yaliyoandikwa katika vyeti vyake. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi jibu hilo linaweza kuwa kinyume kabisa na namna ukoo wenyewe unavyomhesabu. Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kuijua asili yake kwa pande zote, kisha aamue ataiishi vipi. Msimamo wangu ni kwamba asili iliyochanganyika haipimwi kwa nusu na robo za damu. Hupimwa kwa kujua ni nani anayekuhesabu kuwa wake, na anakudai nini kwa kukuhesabu hivyo.

Kwanza, jua kila upande unahesabu vipi

Usianze kwa kuuliza kabila. Anza kwa kuuliza jinsi ukoo wa kila mzazi unavyompata mtoto, kwa kuwa hapo ndipo mambo mengi yanapoamuliwa, na hapo ndipo vijana wengi waliokulia mjini wanapopotea.

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa jadi huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto huingia katika ukoo wa mama yake, ule ambao Wamakonde huuita litawa, Wamakua huuita nihimo na Wayao huuita lukosyo, na mwanamume mwenye sauti juu yake katika mambo ya ukoo ni mjomba wake. Baba humlea na humsomesha, lakini wanaouendeleza ukoo wa baba ni watoto wa dada zake. Kwa jadi pia mwanamume ndiye aliyehamia ukweni baada ya kuoa, na wengi walijenga huko na kulima huko kwa miaka mingi bila kijiji kile kuwa chao hata siku moja. Wasukuma, Wachaga, Wahaya na Wangoni huhesabu kwa baba: mahari ikishatolewa, mtoto ni wa upande wa kuumeni, na mjomba hubaki kuwa ndugu wa heshima asiye na uamuzi wa mwisho.

Sasa ziweke desturi hizo mbili katika nyumba moja uone kinachotokea. Mama akiwa Mmakonde na baba akiwa Msukuma, mtoto huhesabiwa mara mbili. Wajomba wa Newala wanamtambua kuwa wao kwa sababu ametoka katika tumbo la dada yao, na hakuna ng'ombe wanaoweza kulibadilisha hilo. Wazee wa upande wa baba nao wanasema walishatoa mahari, hivyo mtoto ni wao. Mtoto huyu hukua akivutwa huku na huku, na akifikia umri wa kuoa au kuolewa hugundua kwamba kuna vikao viwili, kila kimoja kikidhani ndicho kikao chenyewe.

Geuza pande. Mama ni Mchaga na baba ni Mmwera. Kwa Wachaga, mtoto ni wa baba yake. Kwa Wamwera wanaoshika jadi, mtoto ni wa mama yake. Kila upande, kwa adabu na upendo wote, unamwelekeza mtoto kwenye upande mwingine, na yeye hubaki bila ukoo unaomtaja kwa haki. Nimewasikia watu wa namna hii wakilaumiwa kwamba wameikimbia asili yao, lawama ambayo naiona haina msingi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia asili hiyo iko mlango gani. Mtu wa kundi hili atahitaji kuomba kupokelewa, jambo ambalo nitalieleza mbele.

Wazazi wote wawili wakitoka katika makabila yanayohesabu kwa mama, tuseme mama Mmakua wa Masasi na baba Myao wa Tunduru, hesabu ni nyepesi na haihitaji maneno mengi: ukoo ni wa mama, na upande wa baba ni wa kuzaliwa nao.

Juu ya desturi hizi zimekaa dini na mashamba, na hivyo viwili vimebadilisha mengi. Wayao na Wamwera wengi ni Waislamu, na Uislamu humwita mtu kwa jina la baba yake na hugawa mirathi kwa taratibu zake. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa bin fulani msikitini na kuwa mtoto wa ukoo wa mama yake katika kikao cha wajomba, jioni ya siku hiyo hiyo, wala asione mgongano wowote. Mikorosho nayo ilileta jambo lake. Shamba la muhogo au mtama lilihamishika. Mkorosho husimama kwa miongo mingi, na mwanamume aliyeupanda kwa mikono yake alitaka umfae mwanawe aliyemsaidia kupalilia, wakati wapwa zake walikuwa wakiungojea. Familia nyingi za uwanda wa Makonde zimehama polepole kutoka urithi wa mjomba kwenda urithi wa baba kwa sababu hiyo. Kutokana na hilo napata swali ambalo nadhani ni bora kuliko maswali yote ya utangulizi: babu alipofariki, mikorosho yake ilikwenda kwa nani? Jibu litakueleza desturi inayotumika kweli katika familia yako leo, hata kama wazee wanasimulia desturi nyingine.

Kuwauliza wazee

Mtu sahihi wa kuanza naye ni bibi au babu. Mzazi hukatwa na aibu, na kuna mambo ambayo hayasemwi kati ya mzazi na mtoto. Babu na bibi wana utani na wajukuu zao, na bibi anayemwita mjukuu wake “mume wangu” anaweza kuulizwa kitu ambacho binti yake mwenyewe hathubutu kukigusa. Kama bibi mzaa mama hayupo tena, nenda kwa mjomba mkubwa, lakini usiende mikono mitupu na usiende peke yako mara ya kwanza. Mtu anayefahamika naye akutangulize. Epuka miezi ya kuokota korosho, kuanzia Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa hakuna atakayekaa nawe kwa utulivu. Msibani watu wote wa ukoo huwa wamekusanyika, na inafaa kutazama nani anakaa wapi na nani anaitwa kutoa uamuzi. Maswali yenyewe subiri hadi baada ya arobaini.

Maswali ya tarehe hayafui dafu kwa wazee wengi. Ukiuliza alizaliwa mwaka gani, utapewa mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho, ambao pengine ulikisiwa na karani. Uliza kwa matukio. Mazungumzo mazuri yanaweza kwenda hivi:

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Leo umenikumbuka?”

“Nimekuja unisimulie. Ulipochezwa unyago mlikuwa kijiji gani?”

“Hatukuwa hapa. Hapa tulikuja baadaye, tulipoletwa kwenye kijiji cha ujamaa.”

“Na karanga za Nachingwea zilikuwa zimeshaanza kulimwa?”

“Karanga! Kaka yangu ndiye aliyekwenda huko. Mimi nilikuwa ndani bado, mwali.”

Kwa maneno hayo machache umeshapata mengi. Mradi wa karanga uliendeshwa na Waingereza kati ya mwaka 1947 na 1951, hivyo bibi aliingia utu uzima katika miaka hiyo. Kijiji anachoishi si kijiji cha asili yake, kwa kuwa watu walikusanywa katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Na kuna kaka mtu, mjomba wa mama yako, ambaye huenda alibaki Nachingwea na kuoa huko. Matukio mengine yanayofaa kutumiwa ni vita ya Majimaji ya mwaka 1905 hadi 1907, iliyoanzia Umatumbi, mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 kati ya Wajerumani na Waingereza, Uhuru wa mwaka 1961, na Uhuru wa Msumbiji wa mwaka 1975. Hayo ya zamani kabisa hakuna aliye hai aliyeyashuhudia, lakini wazee husema “mama yangu alizaliwa watu wakiwa wamekimbilia porini,” na hiyo ni tarehe tosha.

Uliza pia majina, na uliza yote. Katika makabila ya Kusini mtu hupewa jina la utotoni, kisha hulibadilisha akitoka jandoni au unyagoni, na wengi wakaongeza jina la dini baadaye. Babu mmoja anaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kidogo, na mjukuu asiyejua hilo atadhani amepata mababu watatu. Swali ni rahisi: aliitwaje kabla ya jando?

Kama familia ni ya Wamakonde, uliza iwapo walivuka mto Ruvuma. Mpaka huo uliwekwa kwa makubaliano ya Wajerumani na Wareno mwaka 1886, ukapita katikati ya watu wenye lugha moja, na kwa miongo kadhaa Wamakonde wa upande wa Mueda, Msumbiji, walivuka kuja kaskazini wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno na kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Wengine walivuka wakati wa vita ya ukombozi iliyoanza mwaka 1964. Bibi kizee mwenye nembo usoni, zile chale za mistari iliyovunjwavunjwa kutoka paji la uso hadi mashavuni, na tundu la ndonya, lile pambo linalochomekwa mdomoni, katika mdomo wa juu, anakuonyesha historia hiyo bila kufungua kinywa. Muulize ni nani aliyemchanja, na wapi. Wengi hufurahi kuulizwa hivyo, kwani vijana huwa wanatazama tu na kunong'onezana.

Tahadhari moja kuhusu upande huo wa mpaka: usichanganye asili na uraia. Wamakonde wako nchi zote mbili, na kuwa Mmakonde hakuthibitishi wala hakukanushi uraia wa Tanzania, ambao unaongozwa na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Unapojaza fomu, andika mahali wazazi walipozaliwa kama palivyo, na simulizi za ukoo ziache katika daftari lako.

Mambo ambayo hayaulizwi moja kwa moja

Njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa ilishukia Kilwa Kivinje, na nyingine zilishukia Lindi na Mikindani. Watumwa walipita humo, na si wote waliovuka bahari. Wengi walibaki katika mashamba na nyumba za pwani, wakazaa, na wajukuu zao ni sehemu ya watu wa pwani leo. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini aibu yake haikufutwa siku hiyo. Familia ambayo bibi yake alikuwa suria itasema tu kwamba “alitoka bara.” Familia iliyochukua jina la ukoo wa bwana wake italitaja jina hilo kana kwamba ni la damu. Masasi kwenyewe, kituo cha misheni ya Kianglikana kilianzishwa mwaka 1876 na watu walioachiwa huru kutoka utumwani, waliokuwa wametoka makabila mbalimbali, na kwa hiyo mtu anayesema ukoo wake ni wa Masasi tangu zamani anaweza kuwa na asili ya mbali sana.

Shauri langu ni kwamba usiulize kamwe kama mtu fulani alikuwa mtumwa. Uliza alifika vipi, alifika na nani, na ni nani aliyemwozesha. Mtu aliyefika peke yake akiwa mtoto, asiye na mjomba wa kusimama katika ndoa yake, ameshakujibu. Ukifika hapo, funga swali, shukuru, na usiliandike mahali ambapo wengine watalisoma bila ridhaa ya familia. (Wako wanaosema ukweli lazima utoke hadharani. Mimi naona wenye kuamua hilo ni wale ambao heshima yao itaguswa, na mara nyingi hao si wewe.)

Karatasi na vinasaba

Karatasi zitakusaidia kidogo, na ni vyema kujua kwa nini. Mfumo wetu wa majina matatu humfuata baba na babu, hivyo ukoo wa mama, ambao kwa Kusini ndio ukoo, hauonekani katika cheti chochote. Sensa nayo iliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Kumbukumbu zenye manufaa zaidi ni vitabu vya ubatizo vya misheni kongwe kama Masasi, Lukuledi, Nyangao na Ndanda, iliyoanzishwa mwaka 1906, kwa kuwa humo jina la mbatizwa huambatana na la wazazi na wasimamizi. Nenda parokiani ukiwa na majina yote ya utotoni na ya ukubwani, omba kwa heshima, na uwe tayari kurudi siku nyingine. Kwa Waislamu, baadhi ya familia za pwani zina nasaba iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tafuta mtu wa kuisoma mbele ya mwenye karatasi, wala usiombe kuondoka nayo.

Nasaba hizo za pwani zinahitaji jicho la pili. Huorodhesha akina baba, bin fulani bin fulani, hadi Shirazi ya Uajemi au Uarabuni, na kwa muda mrefu wasomi walizidharau wakidhani ni za kujitukuza. Utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Kilwa na Songo Mnara, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuchanganyika kati ya Waafrika na Waasia kulianza karibu mwaka 1000, kwamba sehemu kubwa ya asili ya Kiasia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kwamba asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa wanawake. Wazee wa Kilwa, basi, hawakuwa wakisema uongo kuhusu baba zao. Ila nasaba zao hazikuwataja mama, na mama hao ndio waliowapa watoto lugha. Mtu wa Lindi mwenye nasaba ya baba kutoka pwani na ukoo wa mama kutoka bara ana orodha mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na anapaswa kuzitafuta zote mbili.

Vipimo vya vinasaba vinavyouzwa kibiashara sivishauri sana. Vitakupa asilimia za maeneo mapana ya bara la Afrika, wala havitakwambia nihimo lako. Jambo moja tu la kuvutia ni kwamba DNA ya mitokondria hupokewa kutoka kwa mama peke yake, kama litawa linavyopokewa, na kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Hata hivyo maabara haiwezi kukualika kwenye kikao.

Kuiishi asili uliyoipata

Kukaribishwa na ukoo kuna gharama, na wengi hurudi nyuma wanapoiona. Ukoo unaokuhesabu utakudai mchango wa msiba, nauli ya kufika, kura yako katika ndoa za wapwa, na mahudhurio. Chagua mapema ni upande upi utaubeba kwa ukamilifu na upi utaubeba kwa heshima, na ukubali kwamba kubeba yote kwa usawa hakuwezekani kwa mtu mwenye mshahara wa kawaida na likizo moja kwa mwaka. Sioni ubaya wowote katika kuchagua. Ninachokikataa ni kuchagua kwa kuona haya, kama wanavyofanya baadhi ya vijana wa Kusini walioko Dar es Salaam ambao wakiulizwa hutaja kabila la mzazi mwenye sifa zaidi na kuuficha Umakonde wao.

Aliyehesabiwa mara mbili afanye hivi: kabla ya jambo kubwa, hasa ndoa au mazishi, awakutanishe mjomba mmoja na baba mdogo au shangazi mmoja, wakubaliane wao kwa wao nani atakaa mbele. Wazee wakikutana hupatana upesi kuliko vijana wanavyodhani. Asiyehesabiwa popote naye amwendee mjomba wa baba yake au shangazi yake, kwa kuwa katika ukoo unaohesabiwa kwa mama shangazi ndiye anayeubeba ukoo, aeleze kwamba anataka kujulikana, kisha aanze kufika misibani. Hakuna hati itakayotolewa. Siku atakapotumwa kuchota maji au kupanga viti bila kuombwa radhi, ameshapokelewa.

Jando na unyago ni uamuzi mgumu zaidi, hasa kwa mzazi ambaye upande wake mmoja hauna mila hiyo. Siku hizi wali, yaani watoto wanaoingia jandoni au unyagoni, huchezwa zaidi wakati wa likizo za shule, na wazazi wengi humtahiri mtoto hospitalini kisha humpeleka kwa mafunzo tu. Kufaa kwa mafunzo hayo kunategemea umri, na mzazi ana haki ya kumuuliza kungwi au mlezi wa jandoni ni nini kitafundishwa na kwa umri upi. Baadhi ya mafundisho ya unyago humfaa mtu anayekaribia ndoa, na kumpa msichana wa miaka kumi ni kumharakisha. Mzazi aseme hapana bila kuogopa kuitwa aliyeiacha mila. Mtoto anaweza kungoja, au kuwekwa chini ya somo atakayemfundisha adabu, usafi na heshima ya ukoo peke yake.

Kuhusu lugha, watoto wa ndoa mchanganyiko wengi huzungumza Kiswahili nyumbani, na hilo halirekebishiki kwa kulazimisha. Wafundishe salamu za kila upande, majina ya undugu na jina la ukoo, kisha wapeleke kwa bibi wakati wa likizo wakakae wiki kadhaa bila wewe.

Mwishowe andika yote katika daftari moja: majina ya utotoni na ya ukubwani, vijiji vya kabla ya ujamaa, makaburi yalipo, ukoo wa kila mama hadi pale kumbukumbu inapoishia. Mambo ya aibu yaandike katika karatasi ya pembeni au usiyaandike. Toa nakala mbili za daftari hilo, moja umpe mjomba na nyingine umpe mtu wa upande wa baba, na waombe wote wawili wasahihishe kwa kalamu nyekundu pale ulipokosea.